Jinsi ya kufuatilia kazi ya ofisa wa nyambizi wa Uingereza: mfano wa Martin Nasmith

Usianze na nishani. Wengi wanaoandika habari za maofisa wa nyambizi wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20 huingilia mlango wa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Wakishazikuta sifa, wanazinakili na kuishia hapo. Mtu aliyelitumikia jeshi la majini tangu akiwa kijana hadi uzeeni anabakizwa na wiki tatu za maisha, zile zilizompatia nishani. Mimi hufundisha historia sekondari hapa Tanga, na jambo hili linaniuma, kwa sababu ile miaka mingine ndiyo inayoeleza kwa nini zile wiki tatu ziliwezekana.

Nitakuonyesha ninavyofanya kwa kumtumia Martin Eric Nasmith, nahodha wa nyambizi E11. Kazi yote inawezekana ukiwa nyumbani na intaneti ya kawaida.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tano: tarehe, cheo, chombo, bandari, na nimeitoa wapi. Safu ya mwisho usiiache tupu hata mara moja. Mstari wa kwanza wa Nasmith utakuwa wa kuzaliwa: 1 Aprili 1883, Barnes. Wa pili, 1898, anaingia jeshini akiwa mwanafunzi katika meli ya mafunzo Britannia, Dartmouth.

Kisha hakiki jina kabla ya kutafuta chochote. Mwaka 1920 Nasmith alimwoa Beatrix Justina Dunbar-Dunbar-Rivers, na baadaye akaongeza Dunbar kwenye jina lake. Kwa hiyo Vita Kuu ya Kwanza utamkuta kwa herufi N, na ya Pili kwa herufi D. Ukitafuta jina moja tu, utamkosa nusu ya maisha. Tafuta yote mawili.

Sasa nenda kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, utafute kundi la ADM 196. Humo ndimo yalimo madaftari ya utumishi ya maofisa wa majini. Karatasi moja hubeba tarehe ya kuzaliwa, ya kuingia, mitihani, vyombo alivyopangiwa, na maoni ya wakubwa wake, mara nyingi kwa vifupisho kama VG, yaani vizuri sana. Mwandiko ni wa kalamu ya wino, umebanana, na maneno mengine yamepandiana. Kuza picha, soma tarehe kwanza, maneno baadaye. Ofisa mmoja anaweza kuwa katika daftari zaidi ya moja, basi usiridhike na karatasi ya kwanza uliyoiona. Kama kuna ada ya kupakua, itaonyeshwa hapohapo kabla hujalipa.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Karatasi itakuambia kwamba ofisa wako alikuwa Dolphin, au Maidstone, au Adamant, au Hindu Kush. Utadhani ameacha nyambizi na kurudi kwenye meli za juu ya maji. Hapana. Nyambizi za mwanzo zilikuwa finyu mno: hakuna pa kulala kwa raha, hakuna karakana, chakula kidogo. Kila kikosi kilikuwa na meli mama, ambako mabaharia walilala wakiwa bandarini, na kutoka huko walipata topido, mafuta na vipuri. Ofisa wa nyambizi aliandikwa kwenye hesabu ya meli hiyo. Maidstone ilikuwa Harwich, Adamant ilitumika Mudros, bandari ya Ugiriki, wakati wa vita ya Dardanelles, mlango bahari wa Uturuki, na Dolphin ilikuwa Gosport, makao ya nyambizi zenyewe. Kwa hiyo ukiliona jina la meli mama, swali lako liwe: alikuwa na nyambizi ipi wakati huo?

Jibu litafute kwenye Navy List, kitabu rasmi cha majina ya maofisa na mahali walipopangwa. Matoleo ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza yamewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Scotland, na yanasomwa bure. Fungua toleo moja, kisha linalofuata, ulinganishe. Mtego mwingine ni cheo. Luteni Kamanda kama cheo rasmi kilianza Machi 1914. Kabla ya hapo kulikuwa na luteni tu, mwenye miaka mingi au michache. Ukiona ofisa "amepanda" mwaka huo, huenda kilichobadilika ni jina la cheo chake tu.

Herufi ya nyambizi nayo inasema mengi. Holland 1 ilishushwa majini 1901. Daraja za A, B na C ziliendeshwa kwa petroli zikiwa juu ya maji, na kwa betri zikiwa chini. D na E zilitumia dizeli. Mvuke wa petroli ndani ya bomba la chuma lililofungwa ni hatari ya kila saa. Maji ya chumvi yakifika kwenye betri, hutoa gesi ya klorini. Machi 1904, A1 iligongwa na meli ya abiria na watu wake wote wakafa. Oktoba 1905, A4 ilijaa maji ikiwa kwenye majaribio karibu na Portsmouth, ikazama ikiwa na watu ndani, gesi ikaanza kutoka, na kwa shida wakairudisha juu. Kiongozi wake alikuwa Luteni Nasmith, umri miaka 22, na akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Weka mstari huo daftarini kwa wino mzito. Ndio unaomweleza mtu yule aliyefika Marmara, bahari ya Uturuki iliyo ndani ya Dardanelles, miaka kumi baadaye.

Ukifika kwenye vita, soma polepole, saa kwa saa. E11 iliingia mlango bahari wa Dardanelles tarehe 19 Mei 1915. Tarehe 25 ilikuwa ndani ya bandari ya Istanbul yenyewe, ikarusha topido mbele ya ghala la silaha. Nasmith alizirekebisha topido zake zielee zikikosa shabaha, kisha akaogelea mwenyewe kwenda kufungua kifyatuzi ili zirudishwe ndani na kutumika tena. Tarehe 7 Juni, wakati wa kutoka, ukasikika mkwaruzo kama wa kugusa mchanga, mahali ambapo maji yalikuwa marefu. Akatazama kwa periskopu. Kama mita 6 mbele yake bomu la kutegwa baharini lilikuwa linafuatana nao, mnyororo wake umenasa kwenye pezi la kushoto. Kuibuka hakuwezi, kwa sababu juu kuna mizinga ya Waturuki. Hakuwaambia watu wake. Akaendelea chini ya maji hadi nje ya mlango bahari, akaibua mkia huku pua ikibaki chini, akarudisha injini nyuma kwa nguvu zote, na bomu likachomoka.

Unapotafuta habari za upande wa pili, badilisha tahajia. Manowari Barbaros Hayreddin, aliyoizamisha 8 Agosti 1915, imeandikwa kwa namna nyingi katika nyaraka za Kiingereza, na Istanbul ndani yake ni Constantinople.

Nishani ije sasa. London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, inasomeka bure mtandaoni. Victoria Cross ya Nasmith ilitangazwa humo Juni 1915. Usifunge ukurasa. Maofisa wake wawili, Guy D'Oyly-Hughes na Robert Brown, walipewa DSC, nishani ya ushujaa ya maofisa wa majini, na mabaharia wote DSM, ya mabaharia wa kawaida. Madaftari ya mabaharia yako ADM 188, na naona ni haki kuwatafuta nao, maana nahodha hakulizungusha gurudumu peke yake. D'Oyly-Hughes ukimfuata utafika HMS Glorious, meli ya kubeba ndege aliyoiongoza, na akafa nayo Juni 1940.

Miaka ya baadaye ya Nasmith ni myepesi kuijaza, kwani vyeo vikubwa huacha alama nyingi: mkuu wa nyambizi 1929 hadi 1931, mkuu wa kituo cha East Indies katika hii Bahari ya Hindi yetu 1932 hadi 1934, kisha Plymouth vita ya pili ilipoanza. Alifariki 1965.

Kama unataka wa kujifunzia, mchukue Norman Holbrook wa B11, aliyeizamisha manowari ya Waturuki Mesudiye tarehe 13 Desemba 1914. Magazeti ya Australia yako bure kwenye tovuti ya Trove, na huko Australia mji wa Germanton ulibadilishwa jina 1915 ukaitwa Holbrook. Andika majina yote mawili kwenye kisanduku cha kutafutia, weka kikomo cha 1914 hadi 1916, uanze na matokeo ya zamani zaidi.