Somo: Leso ya kushona, vipande sita kwa sindano ya mkono

Kabla kanga haijaanza kuchapwa ikiwa nguo nzima, ilikuwa inashonwa. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mraba vilivyokuja vimeshikana kwenye gora, vile ambavyo Wareno waliviita lenço na sisi tukaviita leso. Mwanamke alikuwa hanunui kimoja kimoja. Anapimiwa sita, anakata katikati, anabaki na safu mbili za vitatu vitatu, anazilaza ubavu kwa ubavu na kuziunganisha kwa sindano. Anapata nguo pana ya vipande vitatu kwa viwili. Wengine walichanganya leso za aina tofauti, ili mtaa mzima asipatikane mwenye nguo kama yake. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona inavyopendwa wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, na huko ndiko ilikotoka kanga yetu yenye pindo (ukingo wa kuzunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi). Mshono ukaondoka, neno leso likabaki, na Mombasa ndilo wanalolitumia mpaka leo.

Nimeshona leso saba za namna hii, zote kwa mkono, na ya saba nimemaliza juzi kwa ajili ya mpwa wangu anayeolewa. Leo nawapa njia yote. Anayejua kushika sindano anaiweza. Anayetaka kumaliza kwa siku moja aniwie radhi, hii ni kazi ya jioni nne au tano.

Vitu vya kuandaa

Nguo ya pamba tupu. Ukiwa na doti moja kuukuu inatosha, kwa sababu kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, na ndani yake unapata miraba minne ya sentimita 53. Doti inakupa minane. Chagua sita iliyo mizima, miwili iliyochakaa weka akiba ya viraka. Ukitaka nguo mpya, nunua aina mbili zinazopatana, mita 1.2 ya kila aina kama upana wake ni sentimita 115.

Sindano nyembamba, uzi wa pamba, kipande cha nta ya nyuki (mshumaa ukikosa nta), pini, mkasi mkali, futi ya fundi, chaki na pasi. Subana pia, ile kofia ya kukinga kidole na sindano, kama kidole chako cha kati hakijazoea.

Hatua ya 1: Fua kwanza

Hapa ndipo nilipoharibikiwa mara ya kwanza, kwa hiyo nisikilizeni. Nilinunua nguo nyekundu, muuzaji akaniapia kuwa rangi haitoki, nikaishona pembeni ya nyeupe. Nilipoifua, vile vipande vitatu vyeupe vilitoka vya waridi, na mabaka juu. Kazi ya wiki nzima.

Loweka kila nguo peke yake kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi mwaga, loweka tena, mpaka maji yabaki meupe. Kisha ikiwa bado mbichi ikandamize juu ya kitambaa cheupe na upige pasi. Kitambaa cheupe kikitoka safi, endelea. Kikitoka na alama, rudi kwenye beseni. Nyekundu na nyeusi ndizo sumbufu kuliko zote, na wapenzi wa kisutu, kanga ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, wanalijua hilo. Kufua huku pia kunaondoa wanga wa kiwandani, na nguo inarudi kabisa kabla hujaipima. Ukipima kwanza ukafua baadaye, miraba yako haitalingana.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya nguo kuukuu

Ishike mbele ya dirisha mchana. Palipochakaa panapitisha mwanga kama chujio. Kisha bana sehemu ndogo kati ya vidole gumba na uivute taratibu. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, hapo usichukue kipande. Kwa kawaida kanga huchakaa zaidi pale inapokaliwa na pale inapofungwa kiunoni, wakati sehemu za karibu na pindo bado zina nguvu.

Hatua ya 3: Kata kwa kufuata uzi

Usichore mstari kwa chaki na kukata moja kwa moja. Kata mkato mdogo ukingoni, tafuta uzi mmoja kwa ncha ya sindano, uvute polepole. Nguo itajikunja kidogo na nyuma ya uzi ule utabaki mstari mwembamba ulionyooka, kama njia ya siafu. Kata juu ya mstari huo. Uzi ukikatika katikati ya safari, uokote tena pale ulipokatikia na uendelee.

Kanga nyingi zimechapwa zikiwa zimekaa upande kidogo, kwa hiyo utaona pindo linakwenda huku na uzi unakwenda kule. Fuata uzi. Macho yatazoea pindo lililopinda kidogo, lakini nguo iliyokatwa upande itavutika kila ikifuliwa na haitakaa sawa tena.

Toa miraba sita ya sentimita 53 kwa 53. Sentimita 1.5 za kila ukingo zitaliwa na mshono au pindo, na leso ikikamilika itakuwa 150 kwa 100. Nguo ikiwa na ua kubwa au duara la katikati, jitahidi likae kati ya mraba, kwa sababu leso zile za kale kila kitambaa kilikuwa kama dirisha lenye fremu yake.

Hatua ya 4: Panga chini

Tandika mkeka, panga tatu juu, tatu chini. Ukiwa na aina mbili, zipishane kama bao la draftsi. Acha usiku mmoja upite kabla ya kushona, ukiamka utaona kipande kilichokaa vibaya.

Hatua ya 5: Unganisha safu

Wenzetu wa kale walikuwa na mshono mmoja tu, ule mrefu wa katikati, maana safu zao zilikuwa hazijakatwa. Sisi tumekata, kwa hiyo mishono ni mitano: miwili safu ya juu, miwili ya chini, na ule mrefu.

Weka miraba miwili uso kwa uso. Piga bandi kwanza, mishono mirefu ya sentimita 2, kwa uzi wa rangi nyingine ili usihangaike kuutoa. Kata uzi wa kushonea usiozidi mkono mmoja na shibiri. Mrefu zaidi ya hapo unajisokota na kufanya mafundo. Upitishe kwenye nta mara mbili, kisha kati ya vidole ili nta ipate joto na kuingia.

Sasa shona sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kwa kurudia: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, inatoka tena mbele. Lenga mishono mitatu kwa kila sentimita. Kila baada ya shibiri moja lainisha mshono kwa kucha, uone kama nguo imekunjana. Imekunjana? Umevuta sana. Legeza hapo hapo, usiseme pasi itanyoosha.

Ukimaliza toa bandi. Upande wa nyuma una kingo mbili. Punguza moja ibaki nusu sentimita. Ile ndefu ikunje juu ya fupi, ingiza ncha yake ndani, ilaze, ipige pasi, kisha ishone chini kwa mishono midogo inayonyanyua uzi mmoja au miwili tu ya upande wa mbele. Hapo hakuna ncha inayoonekana, nyuma wala mbele, na nguo haichanuki hata ifuliwe miaka. Huu ndio mshono wa kulaza, na ndio moyo wa somo lote hili. Leso huvaliwa ikipeperuka, upande wa nyuma unaonekana na kila mtu, kwa hiyo nyuma lazima kuwe kusafi kama mbele.

Jambo moja la kukumbuka: mishono miwili ya safu ya juu ilaze kuelekea kushoto, na miwili ya safu ya chini kuelekea kulia. Sababu mtaiona sasa hivi.

Hatua ya 6: Mshono mrefu

Laza safu mbili uso kwa uso. Anza kubana pini pale mishono inapokutana, si kwenye ncha. Kwa kuwa mmoja umelala kushoto na mwingine kulia, vile vinundu viwili vitakaa bega kwa bega badala ya kupandana. Pitisha kidole gumba juu yake, utausikia ubonde mdogo katikati. Hapo piga pini mbili. Kisha gawanya kilichobaki, piga bandi, shona kama ulivyoshona, laza ukingo.

Hatua ya 7: Pindo

Kunja nusu sentimita, kisha sentimita moja, piga pasi, kunga pande zote nne. Pembeni kunja pembe kwanza, ndipo ukunje pande mbili juu yake.

Kwa hesabu yangu kazi yote ni karibu mita 12 za kushona: mishono mitano inapitiwa mara mbili, na pindo linazunguka mita 5. Mimi nashona mita moja kwa dakika 40 hivi.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Tanga:* Shikamoo mwalimu. Mama yangu anasema nikiloweka kwa chumvi na siki rangi inashika. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Mama zetu wote walitufundisha hivyo, hata mimi nimefanya miaka mingi. Lakini nimejaribu nguo moja nusu kwa nusu, moja kwenye chumvi na siki, nyingine kwenye maji matupu, na zote zilitoa rangi sawasawa. Rangi ambayo kiwandani haikushika, jikoni haitashika. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi mpaka iishe. Tumia maji baridi, na baada ya hapo leso hii usiianike juani ikiwa imekunjwa mbichi.

*Kaka wa Dar:* Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Nikiipiga mashine yote si itakuwa imara zaidi?

Kaka, mashine ni imara, sibishani nawe. Mishono minne mifupi piga mashine ukitaka. Ule mrefu wa katikati nakuomba ushone kwa mkono, kwa sababu ndio mshono waliokuwa nao wao, na bila huo unabaki na nguo ya viraka tu. Tena ukilaza kwa mkono hauonekani mbele. Mashine inaacha mstari wa pili uliokauka, na leso inakuwa ngumu pale inapopita mgongoni.

*Mama wa Muscat:* Nimepata mjukuu wa kwanza. Naweza kuishona iwe mbeleko?

Hongera sana, mama, Mungu amkuze. Kwa nguo mpya tu, na mishono yote mitano ikiwa imelazwa kama nilivyoeleza. Kwa kanga kuukuu usithubutu, hata ikionekana nzima. Kabla mtoto hajapanda, funga ndani yake kilo 10 za mchele, ibebe nyumbani nusu saa, kisha ikague mishono dirishani. Ukiona matundu ya sindano yamefunguka, hiyo iwe ya kujifunika.

*Mwenzetu wa Unguja:* Yangu imevimba katikati, pale pembe nne zinapokutana. Nimeshafunga pindo.

Umelaza mishono yote upande mmoja, dada. Fungua sentimita 4 tu kila upande wa kile kinundu, na kwenye safu ya chini fungua ncha ya mshono mfupi, ulaze upande wa pili, kisha shona tena. Pindo usiliguse.

*Dada wa Mombasa:* Nina leso ya marehemu nyanya, ina alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla kwenye ukingo. Mji umechakaa sana, lakini jina linasomeka. Naogopa kuikata. Unanishauri nini?

Pole, mwanangu, na Mungu amrehemu. Alama hiyo ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak hapo hapo kwenu Mombasa, lililoanzishwa 1887, kwa hiyo una kitu cha nyumbani kabisa mkononi. Ipige picha kwanza ikiwa nzima, pande zote mbili. Kisha usitoe miraba sita humo. Toa mmoja tu, pale nguo ilipo na nguvu, na uuweke katikati ya safu ya juu, ukae mgongoni. Mitano mingine iwe ya nguo mpya. Jina likate kama ukanda, sentimita 4 juu ya herufi na 4 chini, kunja kingo zake na uulaze juu ya safu ya chini, kidogo juu ya pindo, pale jina linapokaa siku zote. Ukanda ukiwa mwembamba sana, weka chini yake kipande cha melimeli, pamba nyeupe nyepesi, na ushone vyote viwili pamoja. Ile alama ya ukingoni kata pamoja na nguo inayoizunguka na uishone upande wa ndani, kwenye pembe unayoishika ukijifunga.