Bima ya Mkandarasi Imekataa Kulipa: Hatua za Kisheria kwa Mwenye Nyumba Nchini Kenya

Kampuni ya bima inapokataa kulipia uharibifu uliosababishwa na mkandarasi, wenye nyumba wengi hudhani kwamba madai yao yamekufa hapo hapo. Sivyo. Mkataba wa bima ni baina ya mkandarasi na kampuni yake ya bima. Deni la hasara ni baina ya mkandarasi na wewe, wala halipungui hata shilingi moja kwa sababu bima imekataa. Mfano nitakaoutumia ni ule unaotufikia mawakili kila msimu wa masika: mkandarasi ameezua mabati ili abadilishe paa, ameondoka jioni akiacha turubai lisilofungwa vizuri, mvua imenyesha usiku kucha, na asubuhi dari ya jipsamu imeporomoka juu ya viti na televisheni.

Hatua ya kwanza: pata sababu ya kukataa kwa maandishi

Usikubali jibu la simu. Mtake mkandarasi akupe nakala ya barua ya kukataliwa, inayotaja kifungu kilichotumika. Bima nyingi za ujenzi hazilipii kazi mbovu yenyewe, makosa ya ramani, wala maji ya mvua yaliyoingia kupitia paa lililoachwa wazi. Hata hivyo, gharama ya kuezeka upya na hasara iliyofuata, yaani dari na samani, ni mambo mawili tofauti, na zipo bima zinazokataa la kwanza huku zikilipia la pili. Ikiwa sababu ni kwamba mkandarasi hakulipa ada au alichelewa kutoa taarifa, kosa hilo ni lake na halikuhusu.

Kwa kuwa huna mkataba na kampuni hiyo, kwa kawaida huwezi kuishtaki moja kwa moja. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, hasa pale ambapo hakuna sababu iliyotolewa, ingawa Mamlaka haiwezi kuandika upya masharti ya bima. Kama una bima yako mwenyewe ya nyumba, itaarifu mapema. Ikikulipa, itachukua nafasi yako kumdai mkandarasi, kwa hiyo usitie saini karatasi yoyote ya kumsamehe kabla ya kuzungumza nayo.

Hatua ya pili: thibitisha hasara, shilingi kwa shilingi

Hapa ndipo kesi nyingi huanguka. Mahakama ya Rufani ilieleza katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya mwaka 1985 kwamba fidia maalum, yaani hasara inayohesabika kwa fedha, ni lazima itajwe waziwazi katika madai na kuthibitishwa kikamilifu. Kusema kwamba viti viliharibika hakutoshi. Unahitaji risiti ya ununuzi, au makadirio ya ukarabati yaliyoandikwa na mtu mwenye ujuzi.

Piga picha kabla ya kusafisha: turubai jinsi lilivyokaa, mbao za paa zilizo wazi, alama za maji ukutani, na kila kifaa kilicholowa. Kisha ziba paa na ukaushe nyumba, kwa sababu sheria inakutaka upunguze hasara, na ukiacha maji yaendelee kuingia kwa wiki nzima hutalipwa ile iliyoongezeka. Weka risiti za kazi hiyo pia. Mwite mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti inayoeleza chanzo cha uharibifu, si ukubwa wake tu.

Jumbe za WhatsApp ni ushahidi mzuri, hasa ule ambao mkandarasi anaandika “pole, vijana walisahau kufunga turubai”. Zichapishe pamoja na picha, na uambatishe cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ni simu gani iliyotumika na jinsi nakala zilivyotolewa. Taarifa ya malipo ya M-Pesa nayo huonyesha uliyemlipa.

Hatua ya tatu: mjue unayemdai

Jina lililopakwa kwenye gari si lazima liwe jina la kisheria. Kama ni kampuni, omba hati ya CR12 kupitia eCitizen ili uone jina kamili na wakurugenzi. Hakikisha pia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mamlaka hiyo haitakulipa fidia, lakini mkandarasi anayeogopa kupoteza usajili huwa mwepesi zaidi kuzungumza.

Hatua ya nne: barua ya madai

Kwanza angalia kama bado unashikilia sehemu ya malipo yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo silaha bora kuliko zote, mradi mkataba unakuruhusu kukata na umearifu kwa maandishi kabla ya kufanya hivyo. Barua yako ieleze tukio, kiasi, ushahidi, na muda wa kujibu. Siku 14 zinatosha.

Hatua ya tano: chagua mahali pa kudai

Soma mkataba. Ukiwa na kifungu cha usuluhishi, yaani makubaliano ya kupeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani, mkandarasi anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi yako chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Huko unaweza kujiwakilisha mwenyewe, kanuni za ushahidi zimelegezwa, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Huruhusiwi kugawanya dai moja vipande viwili ili litoshe, ila unaweza kuisamehe ziada. Likizidi hapo, mahakama za mahakimu husikiliza madai hadi milioni 20 kulingana na cheo cha hakimu.

Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, na ya uzembe miaka 3. Mazungumzo na bima hayasimamishi hesabu hiyo. Jirani ambaye ukuta wake umepasuka kwa sababu ya msingi uliochimbwa kiwanja cha pili hana mkataba na mkandarasi, hivyo miaka 3 ndiyo yake, na amuunganishe mwenye kiwanja katika kesi.

Hatua ya sita: kukaza hukumu

Mkandarasi asipolipa baada ya hukumu, unaweza kuomba dalali wa mahakama akamate mali yake inayohamishika, au amri ya kuzuia fedha zilizo katika akaunti yake ya benki na zile anazowadai wateja wengine. Kwa mkandarasi asiye na mitambo yake, amri hiyo ya pili huzaa zaidi, kwa hiyo nakili namba ya akaunti kutoka kwenye ankara zake mapema.