Ukitaka kumsoma Kant, anzia kwa Hume

Wengi humvamia Kant, mwanafalsafa Mjerumani, kupitia kile kitabu chake kinene cha 1781 kuhusu uhakiki wa akili, na kabla ya ukurasa wa ishirini wameshakifunga. Mimi nilikifunga mara mbili.

Anza na David Hume, mwanafalsafa Mskoti, kwenye kitabu chake kifupi cha 1748 kuhusu ufahamu wa binadamu. Usiuruke mfano wa mipira ya biliadi. Mmoja unaugonga mwingine, wa pili unaondoka. Mgongano umeuona, mwendo umeuona. Hiyo nguvu ya kusababisha umeiona wapi? Hume anasema hujaiona. Ni mazoea ya akili yako tu. Acha jambo hilo likukere siku mbili tatu.

Sasa mchukue Kant wa 1783, kile kitabu chembamba kiitwacho Prolegomena (kigumu bado, ila kinamezeka). Humo anakiri kwamba Hume ndiye aliyemwamsha usingizini. Jibu lake, kwamba usababisho ni kanuni ambayo akili yenyewe huutandazia ulimwengu tunaouona, utalipokea ukiwa na njaa nalo. Kile kinene kitasubiri. Kant mwenyewe alikihangaikia takriban miaka kumi.