Makopo matatu na daftari la gesti: namna ya kupata hadithi kwa kupiga kura

Mwandishi aliyekwama huwa na mawazo tele, ila yote yamekwisha tumika. Msichana anatoka kijijini kwenda mjini, yatima anadhulumiwa na baba zake wadogo, mganga anavunja ndoa ya mtu. Akili ikiachiwa uhuru hurudi kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Dawa ni kuinyima uhuru huo kwa dakika chache: kura ya vikaratasi vilivyoandikwa maneno ichague mambo yasiyohusiana, kisha wewe utafute sababu ya kuyakutanisha. Kazi yenyewe imo kwenye kutafuta sababu, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Wanachota maneno, wanayatazama, wanasubiri hadithi itokee. Haitatokea, kwa kuwa kikaratasi hakina hadithi ndani yake.

Kuandaa vikaratasi

Chukua karatasi nne za A4. Kila moja ikunje katikati mara nne mfululizo. Ukiifungua utaona mistari inayogawa vipande 16. Kata kwa rula. Utapata vipande 64: tumia 60, vinne viwe akiba. Tafuta makopo matatu, uyaandike MTU, KITU na MAHALI, na kila moja litie vikaratasi 20. Michanganyiko inayowezekana ni 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Hutaimaliza.

Ubora wa zoezi zima unategemea unachoandika kwenye vikaratasi hivyo, kwa hiyo tenga jioni nzima. Kopo la MTU lisipewe "mwalimu" peke yake. Mpe shughuli ya pili au tabia inayoonekana: mwalimu wa hesabu anayeuza miche ya parachichi kila Jumamosi, dereva wa bajaji asiyepita mtaa mmoja wa Soweto, Mbeya, hata abiria aongeze nauli, mpishi wa kukodiwa misibani. Kopo la KITU lipewe kinachoshikika na kubebeka: funguo tatu zilizofungwa uzi mwekundu, mzani wa duka wenye jiwe moja lililopungua uzito, cheti cha kuzaliwa chenye jina lililofutwa. Maneno kama upendo, usaliti na maisha yakae nje ya makopo. Hayana pa kushikia, na anayeyachota huishia kuandika insha.

Kopo la MAHALI ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu "Mbeya" au "Iringa" si mahali pa kutosha. Andika mahali pamoja na saa au hali yake, kama katika mifano hii ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Soko la Mwanjelwa, upande wa mitumba, mvua inaanza. Mlima Kitonga, lori limezimika kwenye kona, saa nane usiku. Shamba la chai Mufindi kabla ukungu haujainuka. Ufuko wa Matema, vyungu vya Wakisi vikishushwa kutoka mtumbwini. Stesheni ya TAZARA Mbeya, abiria wamelalia mizigo yao. Jiwe la Gangilonga jua likizama juu ya Iringa mjini. Andika mahali unapopajua kiasi cha kueleza watu wanafanya nini pale, nani ana haki ya kuwapo na nani hana. Faida yake itaonekana kwenye mfano hapa chini.

Ukiishiwa, sikiliza na usome kilicho barabarani: maandishi ya nyuma ya malori yaendayo Zambia, majina ya kanga, matangazo ya vifo redioni, ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Majina ya watu halisi yabadilishe. Na ukiwa safarini bila makopo, kamusi inatosha. Tarakimu tatu za mwisho za vocha ya kukwangua ziwe namba ya ukurasa, kisha chukua nomino ya kwanza ya kitu unachoweza kukigusa. Fanya hivyo mara mbili, na mahali pawe hapo ulipo.

Kuchota na kuuliza

Chota kimoja kila kopo. Unaruhusiwa kubadilisha kimoja tu, mara moja tu. Sharti hili lina sababu: anayechota upya mpaka apate anachokipenda amerudi kwenye mazoea yake yaleyale, ila amechukua njia ndefu. Mchanganyiko unaokukera mwanzoni mara nyingi ndio unaozaa.

Weka kengele ya simu ilie baada ya dakika 12. Usianze hadithi. Jibu maswali manne kwa maandishi:

1. Kwa nini mtu huyu yupo hapa, saa hii, wakati alipaswa kuwa kwingine?
2. Kitu hiki kilimfikiaje, na nani mwingine anakitaka?
3. Mahali hapa panamlazimisha kufanya nini ambacho pengine pasingemlazimisha?
4. Kufikia kesho asubuhi, nini hakitarudishika?

Kwa kila swali andika majibu matatu, halafu futa la kwanza hata kama ni zuri. Jibu la kwanza ndilo ambalo msomaji naye angelitoa.

Tuseme umechota mpishi wa kukodiwa misibani, funguo tatu zilizofungwa uzi mwekundu, na stendi ya Makambako saa kumi alfajiri. Swali la kwanza: yupo pale kwa sababu anakwenda kupika msiba mwingine. Futa. Jibu la pili: ameshushwa kwenye basi kwa kukosa nauli. Linafaa, lakini linamfanya atendwe tu. La tatu: msiba haujaisha, ameondoka usiku kabla ya maziko, sufuria bado ziko jikoni, na hakuna aliyemwona. Hilo lina uzito, maana mpishi hatoroki msibani bila jambo.

Funguo je? Alizipata kwa marehemu wakati wa ugonjwa: hilo la kwanza linafutwa. Alizikuta ndani ya gunia la mchele uliochangwa: inawezekana. Mjane alizitumbukiza kwenye beseni la mboga alilolishika mpishi, mbele ya mashemeji, bila kusema neno: hili ndilo, kwa kuwa limeleta mtu wa pili na siri, na sasa tunajua nani anazitafuta funguo.

Swali la tatu ndilo linalolipa ile kazi ya kuchagua mahali. Makambako ni njia panda. Barabara moja inaendelea Mbeya hadi Tunduma, nyingine inashuka Njombe kuelekea Songea. Kwa hiyo mhusika hawezi kusubiri tu. Basi atakalopanda ni uamuzi, na mashemeji watakaomfuata watalazimika kubahatisha kama yeye. Mwandishi asiyejua kazi ya njia panda ile angeishia kueleza baridi na wauza chai.

Kukipambazuka mwili utazikwa, na jiko lisilo na mpishi litagunduliwa na waombolezaji wote. Hapo swali la nne limejibiwa. Sasa bana yote kwenye sentensi moja: mpishi wa kukodiwa anatoroka msibani na funguo alizopewa kimyakimya na mjane, na kabla ya basi la kwanza kuondoka Makambako lazima aamue kama anakwenda kufungua kilichofungwa au anarudi kuzirudisha. Kuna mtu, kuna shinikizo, kuna muda unaokwisha. Kimoja kikikosekana, rudi kwenye maswali kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Vyote vikiwapo, andika ukurasa huo siku hiyohiyo, kwa sababu wazo lililolala wiki nzima hugeuka kuwa muhtasari.

Njia fupi zaidi, inayofaa sana darasani, ni ya Gianni Rodari, mwandishi wa watoto wa Italia aliyefariki mwaka 1980. Yeye alichukua maneno mawili yaliyo mbali na kuyaunganisha kwa viunganishi tofauti. Kwa Kiswahili jaribu treni na asali: treni ya asali, asali ya treni, treni bila asali, asali kwenye reli. Shika lile linalokufanya uulize swali. Asali imemwagika relini: nani aliibeba, na nyuki wanakuja lini?

Kubadilisha utanzu

Ukishapata wazo, usikimbilie umbo ulilozoea. Utanzu ni ahadi kwa msomaji: upelelezi unaahidi kuwa swali litajibiwa, tisho, yaani hadithi ya kutisha, linaahidi kuwa hofu ina mahali inapotoka, bunilizi ya kisayansi inaahidi kuwa kanuni moja ya dunia imebadilika na matokeo yake yatafuatwa mpaka mwisho. Tunza ahadi, badilisha mavazi. Mpelelezi si lazima awe na koti na bastola. Anaweza kuwa mpima viazi anayegundua kwamba lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zilizotoka shamba moja zimepungua uzito ingawa hazijafunguliwa. Tisho halihitaji usiku wala makaburi. Jirani na Kitulo, baridi ya Juni na Julai huweza kugandisha umande shambani. Fikiria asubuhi moja jua limewaka, viazi vyote vimeungua kwa barafu isipokuwa robo ekari katikati, na mwenye robo hiyo alikufa mwezi uliopita. Kwa bunilizi ya kisayansi kuna kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita tatu. Badilisha jambo moja tu kuhusu kimondo hicho, kwa mfano kwamba saa zote zilizo karibu nacho zinachelewa dakika moja kwa siku, na fuatilia maisha ya mlinzi wake. Ukibadilisha mambo matatu, msomaji hatajua tena nini cha kushangaza.

Kinachofungua milango mingi zaidi, kwa maoni yetu, ni kuazima maandishi ambayo hayakukusudiwa kuwa hadithi. Daftari la wageni la gesti ya Tunduma lina tarehe, jina, anakotoka, anakokwenda, kazi, chumba na sahihi. Mgeni yuleyule akijiandikisha mara tano, kila mara na kazi tofauti, na mara ya mwisho sahihi ikawa ya mkono mwingine, msomaji ameshaanza kupeleleza bila wewe kusimulia lolote. Muhtasari wa kikao cha kijiji una kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita, ambacho ni hazina: kile ambacho kila kikao kinaahirisha ndicho hadithi yenyewe. Yule mpishi wetu anaweza kusimuliwa na daftari la rambirambi:

Jirani wa mbele: mchele wa Kyela kilo 20. Umepokelewa na mpishi.
Shemeji mkubwa: ahadi. Anauliza mpishi yuko wapi.
Mama wa duka: sh. 10,000. Anasema alimwona barabarani na kikapu.
Mjane: hakuandika kitu. Ameomba daftari lifungwe.

Kosa la kawaida hapa ni kujaza safu kwa maelezo marefu mpaka daftari linaanza kuongea kama msimulizi. Karani wa msiba haandiki hisia. Kila mstari uwe na kile tu ambacho mwenye daftari angekiandika, na jambo kubwa likae katikati ya mistari. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Zaidi ya hapo umbo huchosha.

Masharti ya lugha nayo yanafaa. Waandishi na wanahisabati wa Oulipo, kundi lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1960, waliandika kwa kujiwekea masharti makali. Kwetu sharti lenye nguvu ni ukurasa mmoja usio na nomino ya ngeli ya A-WA. Watu na wanyama wanatoweka, inabaki mikono, viatu, sauti, moshi: "Mikono ilifunga kikapu, viatu vikaelekea barabarani." Lingine ni kuandika kila kitenzi kwa hu- (huamka, hukoka moto, hupima mchele), kisha -li- ya kwanza itokee siku mambo yalipobadilika. Msomaji ataisikia hata asipojua kwa nini.

Yanayoharibika

Hadithi inaisha kwa "kumbe ilikuwa ndoto." Hii hutokea mwandishi aliporuka swali la pili, akakosa sababu ya kitu kuwapo. Rudi hapo, usirekebishe mwisho.

Uchawi unaeleza kila kitu. Uchawi unaruhusiwa, tena nyanda hizi zina masimulizi mengi ya Ziwa Ngozi yanayodai nafasi, lakini ukitajwa kama jibu la mwisho unaua maswali yote. Upe gharama na mpaka mapema, ndani ya ukurasa wa pili: unaweza nini, hauwezi nini, anayeutumia anapoteza nini.

Kitu ulichochota kimebaki pambo. Kipime kwa kukiondoa: funguo zikitoka na hadithi ikasimama vilevile, hukuzitumia. Zaidi ya kura tatu na sharti moja pia ni hatari, kwa kuwa nguvu zote huishia kutimiza masharti.

Kwa kikundi cha watu wanne hadi sita, makopo yaleyale yanatosha. Wote waandikie mchoto mmoja kwa dakika 12, kila mtu utanzu wake, bila kuoneshana. Mkisoma kwa sauti, anayesikiliza aandike swali moja tu analotaka lijibiwe, asitoe sifa wala lawama. Vikaratasi vilivyotumika viandikwe tarehe nyuma na kuwekwa kwenye kopo la nne. Kopo moja likibakiwa na vikaratasi vitano, jazeni vipya 15, kila mmoja akileta vya mahali ambako wenzake hawajawahi kufika.