Wasifu wa baharia wa nyambizi: namna ya kuuandika usiishie mstari mmoja

Familia ikiniletea wasifu wa marehemu aliyekuwa askari, mstari wa jeshi naujua hata kabla ya kuipokea karatasi: "Alijiunga na jeshi na kulitumikia kwa uaminifu hadi alipostaafu." Basi. Baada ya hapo ni ubatizo, ndoa, watoto, wajukuu, kisha ugonjwa: zahanati, hospitali ya wilaya, rufaa, saa aliyokata roho. Miezi miwili ya kuumwa inapewa aya nzima, na miaka ya jeshini inapewa mstari. Nina steshenari hapa Miyomboni, Iringa mjini. Kazi yangu ni kuchapa kilicholetwa, na wengi huleta saa tatu usiku wakati mazishi ni kesho saa nane mchana. Lakini familia ikija mapema, huwa nawavutia kiti.

Nitaeleza kwa mfano wa baharia wa nyambizi. Najua Iringa iko mbali na bahari na najua Tanzania hatuna nyambizi. Ila tulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, fundi wa pampu za maji, aliyeoa Kilolo na kuzeekea hukohuko. Vijana wake walikuja na picha moja, beji ndogo yenye pomboo wawili, na maneno haya: baba aliwahi kuwa jeshi la maji. Hawakujua zaidi, kwa sababu mzee hakuwahi kusema zaidi. Kazi ya kumtafuta mzee yule ndiyo iliyonifundisha mengi ninayowaambia sasa hata watoto wa askari wetu wa JWTZ.

Tafuta chombo kwanza, cheo baadaye. Sisi tunapenda vyeo. Msibani lazima isomwe "Afande", "Sajenti", "Kapteni". Mabaharia wa nyambizi hutambuana kwa chombo. Nyambizi ya Kimarekani ya wakati wa vita ya Hitla ilibeba watu sitini hadi themanini, vitanda vikiwa vichache kuliko watu, huyu akiamka yule analala palepale. Ukimtaja mtu pamoja na chombo chake na miaka yake, wenzake wanajua alikula na nani na kitanda chake kilikuwa juu ya cha nani. Kwa hiyo andika jina la nyambizi, namba yake, na herufi zinazotangulia namba. SS ni ya dizeli. SSN inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. SSBN ni ya nyuklia iliyobeba makombora ya masafa marefu, na hizi zina jambo la ziada la kuuliza: tangu ya kwanza, George Washington, iliyoanza doria mwishoni mwa 1960, kila moja ilikuwa na vikosi viwili vya mabaharia, Bluu na Dhahabu, vikipokezana. Watu wawili wanaweza kuwa wametumikia nyambizi moja miaka ileile na wasiwahi kusafiri pamoja hata siku moja.

Halafu ile beji. Vijana walidhani ni pambo. Pomboo wa rangi ya dhahabu ni wa maofisa, wa rangi ya fedha ni wa mabaharia wa kawaida, na hakuna anayepewa kwa kukaa muda mrefu. Kila mtu, hata mpishi, lazima ajifunze chombo kizima: mabomba, betri, hewa, umeme, na valvu ipi ifungwe maji yakianza kuingia. Hutahiniwa kwa mdomo, huku akitembezwa ndani ya chombo na kuulizwa. Sasa mweke huyo kijijini Kilolo akiwa fundi pampu. Wasifu ulishajiandika wenyewe, na vijana walikuwa wameuweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na stakabadhi za Luku.

Baada ya chombo, muulize mjane. Usimuulize "baba alifanya nini jeshini", maana atajibu hajui, na ni kweli hajui. Muulize baba alikuwa na amri gani nyumbani. Mimi nilianza hivi:

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

"Nyumbani, baba alikuwa anagombana na watu kwa jambo gani?"

Alicheka, siku ya pili ya msiba. "Maji! Ukiacha bomba linatiririka anakuja kulifunga, hata kama una sabuni usoni. Na mlango. Ole wako ubamize mlango."

Mabinti wakadakia kwamba kila spana ilikuwa na mahali pake ukutani, imechorewa umbo lake kwa rangi, na usiku umeme ukikatika aliifuata aliyoitaka gizani bila kupapasa. Niliandika yote. Kwenye nyambizi za dizeli maji yasiyo na chumvi yalitengenezwa humohumo kwa kuchemsha ya bahari, na betri ndizo zilizohudumiwa kwanza, kisha jiko, na mwili wa baharia mwisho. Kelele nazo zilikuwa hatari, kwa sababu adui husikiliza chini ya maji, na chuma kilichoanguka kinaweza kusikika mbali. Kwenye wasifu tuliziweka sentensi mbili zikifuatana: alihudumu ndani ya nyambizi ya dizeli ambamo maji yalipimwa na kelele zilikatazwa, nyumbani hakuvumilia bomba lililoachwa wazi wala mlango uliobamizwa. Hatukuongeza "hii inaonyesha kwamba". Waombolezaji waliwahi kufukuzwa bombani na mzee yule, wana akili zao.

Mahali pagumu ni ukimya. Nyambizi za miaka ya vita baridi zilikwenda mahali pasipotajwa, na mabaharia walikatazwa kusema, wengi wakanyamaza hadi kaburini. Hapo ndipo familia hushikwa na tamaa. Kijana wa tatu alitaka tuandike "alipambana na Warusi chini ya bahari". Nilimwambia, kaka, hilo sichapi mpaka uniletee karatasi. Pengo liache likiwa pengo: alikuwa ndani ya chombo fulani, kuanzia mwaka huu hadi huu, akihudumia mitambo, safari zake hakuzisimulia. Sentensi hiyo ya mwisho ina heshima kuliko vita vya kubuni.

Karatasi zinapatikana, ila si kwa siku tatu za msiba, kwa hiyo panga kuandika mara mbili: wasifu mfupi wa mazishi, na mrefu wa arobaini au wa kumbukumbu ya mwaka. Kwa Mmarekani, hati ya kutafuta ni ile ya kuachishwa jeshi, inayoitwa DD 214. Ikiwa haimo sandukuni, kumbukumbu za waliotoka jeshini zinahifadhiwa St. Louis, katika jimbo la Missouri, na mjane ambaye hajaolewa tena, mtoto, mzazi au ndugu wa damu wa marehemu anaruhusiwa kuomba. Watataka jina kamili alilolitumia jeshini, namba yake ya utumishi au ya hifadhi ya jamii, tarehe na mahali alipozaliwa, na uthibitisho wa kifo. Kwa hiyo mkitoka makaburini msiridhike na kibali cha mazishi. Fuatilieni cheti cha kifo cha RITA. Na kama ni miaka 62 tangu mtu aachane na jeshi, kumbukumbu zake ziko wazi hata kwa asiye ndugu.

Mtasikia watu wakisema St. Louis iliungua, msisumbuke. Iliungua kweli, Julai 1973, na mamilioni ya majalada yakateketea, lakini yalikuwa ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya wanamaji hayakuguswa na moto ule.

Sasa upande wetu, kwa sababu nyambizi imewagusa watu wa Afrika Mashariki kwa namna nyingine. Wapo wanaokuja na jina la babu aliyekuwa keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, wakisema alipotelea baharini akienda Burma, na nyumbani hakuna kaburi la kupalilia. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache mno, mbili au tatu hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike waliokuwamo. Manowari za Kiingereza Paladin na Petard ziliisaka I-27 na kuizamisha siku hiyohiyo. Askari wale wanakumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi.

Kumtafuta babu wa namna hiyo, anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo orodha yake iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Ukiandika jina kama linavyoandikwa kwenye kadi ya kanisa yaweza kukosekana, maana karani aliyeliandika alisikia alivyosikia. Jaribu L mahali pa R, jaribu Mu mahali pa Mw, jaribu jina la baba peke yake, au tafuta kwa kikosi na tarehe ndipo ushuke kwenye majina. Ukitaka kuona jinsi maelezo machache yanavyoweza kutosha, tembelea makaburi ya vita yaliyopo hapahapa Iringa mjini: namba, cheo, jina, kikosi, tarehe. Hata kama umelipata jina la babu Nairobi, andika pia alivyoondoka nyumbani. Nani alimsindikiza, alimwachia nani ng'ombe, barua ya mwisho ilisomwa na nani. Hayo hayamo kwenye orodha ya Tume na bibi anayeyajua ana miaka tisini.

Siku ya kusoma. Mabaharia wa nyambizi wa Marekani wana desturi inayoweza kufanyika kijijini kwetu bila gharama. Katika vita ya Hitla walipoteza nyambizi 52, na watu zaidi ya 3,500 ndani yake, karibu mmoja katika kila watano waliokwenda doria. Wazee wao wakikutana, kila chombo kinatajwa kwa jina, kisha kengele inapigwa mara moja, kisha kinachofuata. Vyombo vilivyozama husemwa kwamba bado viko doria. Wanaongeza na vya baadaye: Thresher ya Aprili 1963 yenye watu 129, Scorpion ya Mei 1968 yenye watu 99.

Kule Kilolo kengele ya kanisa ni ringi la lori lililoning'inizwa mtini, na linatosha kabisa. Ombeni ruhusa kwa mchungaji mapema, maana kengele ina saa zake na mtu akiisikia wakati usio wake atadhani kuna msiba mwingine. Tajeni jina la chombo, pigeni mara moja, nyamazeni. Kama marehemu alitumikia vyombo viwili, ni mara mbili. Kisha jina lake, na pigo la mwisho. Mpiga kinanda azuiwe. Nasema hivyo kwa upendo, lakini wapiga kinanda wetu hawawezi kuona kimya wakakiacha, na spika zile zikianza kuvuma desturi yote imekwisha.

Kwa askari wetu fanyeni hivyohivyo kwa vikosi na mahali. Mzee aliyekuwa Kagera 1978 atajwe alipoanzia mafunzo, Mafinga au kwingineko, kisha kila mahali alipopita, kwa mfuatano, hadi aliporudi.

Upande wa kuchapa sina mengi. Karatasi ya A3 ikunjwe katikati, kurasa nne, maandishi makubwa kwa sababu wasomaji ni wazee wenzake. Njiwa na mishumaa ya kupakua niondoleeni. Weka picha ya chombo na chini yake uandike jina la chombo. Picha ya asili ya mzee msiipitishe kwenye mashine ya laminesheni hata kama mtu wa steshenari amewashawishi, joto lile huharibu picha za zamani na plastiki haitoki tena. Iskaniwe, nakala ndiyo ilaminetiwe. Nyuma ya ile ya asili andikeni kwa penseli, taratibu, majina ya waliosimama kuanzia kushoto. Nakala moja ya wasifu ibaki kwa katibu wa ukoo, moja ofisi ya usharika, moja kwa mtoto anayeishi mbali, na faili lake litumwe kwenye simu zaidi ya moja, maana flashi moja yenye virusi imeshawapotezea watu mababu.

Mkishamaliza, tumeni nakala kwa chama cha mabaharia wa nyambizi za Marekani, mkiomba jina la mzee liingizwe kwenye orodha ya waliotangulia. Andikeni machache: jina kamili, chombo na namba yake, miaka, kazi yake ndani ya chombo, mahali alipozikwa na tarehe aliyofariki. Tarehe hiyo iandikeni mwezi kwa jina lake. Wamarekani hutanguliza mwezi, na 04/07, ambayo kwetu ni tarehe nne Julai, wao wataisoma tarehe saba Aprili.