Kompyuta hazionani ofisini: haionekani au haifikiki?

Umeme wa Mbeya ukikatika na kurudi, simu yangu haikawii kuita: "Fundi, mashine ya mhasibu imepotea kwenye mtandao." Usikimbilie kupiga Windows upya. Mashine nyingi za namna hii ziko hewani, ila hazijitangazi, kwa hiyo jua kwanza kama haionekani tu au haifikiki kabisa.

Hatua ya 1: soma namba. Kwenye mashine iliyopotea bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, halafu `ipconfig`. Tazama mstari wa IPv4, ndiyo anwani ya mashine. Ikianza na 169.254, mashine haikupewa anwani na rauta: kagua waya na taa za swichi, na mipangilio uiache kwanza. Kuna ofisi Mwanjelwa nilihangaika na mipangilio karibu saa nzima, kumbe plagi ya swichi ilichomolewa ili birika la chai lichomekwe. Ilikuwa Julai, na baridi ya huku mnaijua, sikumlaumu mtu.

Ukikuta mfano 192.168.1.20, linganisha na mashine jirani. Moja ikianza na 192.168.1 na nyingine 192.168.0, tafuta rauta ya pili. Mara nyingi kuna mtu aliongeza yake ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya kwenye tundu la WAN (la intaneti). Ipe rauta hiyo anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), kisha hamishia waya tundu la LAN (la mtandao wa ndani). Hakikisha pia hakuna aliyeunganishwa na Wi-Fi ya wageni. Hiyo kwa kawaida huwatenga watu makusudi.

Hatua ya 2: ifuate kwa namba. Kwenye mashine nyingine bonyeza Windows na R, andika `\\192.168.1.20`. Folda zikifunguka, au ukiulizwa nenosiri, basi inafikika. Usihukumu kwa `ping` peke yake (amri ya kupima kama mashine inajibu), maana fayawoli, yaani ukuta wa ulinzi, inaweza kuizuia mashine isiyo na tatizo isijibu.

Hatua ya 3: aina ya mtandao. Ukibadilisha rauta, Windows huuona mtandao kuwa mgeni na mara nyingi huuweka "Public", na humo mashine hujificha. Ingia mipangilio ya mtandao, weka "Private", kisha washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Hapa ndipo kesi zangu nyingi huishia.

Hatua ya 4: huduma mbili. Bonyeza Windows na R, andika `services.msc`. Kwenye mashine isiyoonekana washa "Function Discovery Resource Publication", ndiyo inayoitangaza. Kwenye inayotafuta, washa "Function Discovery Provider Host". Zote ziweke zijiwashe zenyewe.

Kuna mafundi watakushauri uwashe SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana mafaili. Kataa. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia udhaifu wake, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka huohuo, Microsoft waliacha kuiweka kwenye mashine zinazosakinishwa upya. Kama una skana ya zamani isiyojua kingine, afadhali itume kazi kwa baruapepe au flashi.

Mwisho, ingia kwenye rauta uifungie mashine ya mhasibu namba moja isiyobadilika, utengeneze njia ya mkato yenye namba hiyo kwenye kila kompyuta. Mimi huiandika pia kwenye kipande cha selotepu na kukibandika ubavuni mwa mashine yenyewe.