Miji minne ya Ulaya kutoka Tanga, kwa mfuko mdogo

Marafiki wanne wa Tanga wakiazimia kwenda Ulaya, kwanza huanzisha mchezo wa kuchangiana pesa, kila mwezi wote wanapeleka kwa kijumbe, mtunza pesa wao. Safari huanza kuharibikia hapo hapo. Ubalozi humpima kila mwombaji peke yake, kwa taarifa ya akaunti yake ya benki, mara nyingi ya miezi mitatu. Aliyekuwa akipeleka kwa kijumbe akaunti yake ni kavu, halafu wiki moja kabla ya kuomba viza zinaingia milioni kadhaa kwa mkupuo. Lazima aulizwe zimetoka wapi. Kila mtu na aweke kwake, kidogo kidogo, tangu miezi sita kabla. Kundi likubaliane kiasi tu, na mwisho wa mwezi muonyeshane salio.

Njia ichoreni kabla ya viza, kwani viza huifuata. Berlin, Prague, Vienna na Budapest zimepangana vizuri: kwa treni, Berlin hadi Prague ni saa nne na kitu, Prague hadi Vienna kama nne, Vienna hadi Budapest chini ya tatu. Ingieni kwa Berlin, tokeni kwa Budapest, msilipe nauli ya kurudi mlikotoka. Nchi zote nne zimo katika Schengen, viza moja yatosha, na huombwa kwa nchi mtakayolala zaidi. Ujerumani usiku 5, Hungaria 4, Czech 3, Austria 2: ombeni kwa Wajerumani. Siku zikilingana, ni nchi mnayoingilia.

Ombi hupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na mkinyimwa hairudi. Pasi iwe na kurasa 2 tupu na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Alama za vidole zinachukuliwa Dar. Miadi ikiwa asubuhi, ondokeni stendi ya Kange, Tanga, jana yake. Basi la alfajiri likiharibika njiani, miadi imekwenda.

Tiketi ya ndege wekeni nafasi tu, malipo yasubiri viza. Watatu wanaweza kupewa na mmoja akanyimwa, basi andikeni mapema kama watatu wataendelea. Jambo hili likiachwa mpaka siku yenyewe, huvunja urafiki.

Pasi ya treni, yaani tiketi moja ya safari nyingi, ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, yenu ni Eurail. Kwa njia fupi hivi, tiketi moja moja zilizonunuliwa wiki kadhaa mbele kwa kawaida huwa nafuu, na mabasi ya FlixBus nafuu zaidi. Msidanganywe na basi la usiku kwamba linaokoa pesa ya kitanda: Berlin hadi Prague ni karibu mno, mtashushwa saa tisa usiku na hosteli inapokea wageni saa nane au tisa mchana.

Chagueni hosteli yenye jiko. Jumapili maduka mengi ya vyakula Ujerumani na Austria hufungwa, nunueni Jumamosi. Machungwa ya Muheza yaacheni nyumbani, hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Nyama na maziwa ni marufuku kabisa. Nazi huruhusiwa, na samaki mkavu hadi kilo 20, ila papa ndani ya chumba cha watu wanane ni kutafuta ugomvi.

Euro hutumika Berlin na Vienna. Prague ni koruna, Budapest forinti. Mashine ya kutolea pesa ikiuliza kama ikukate kwa sarafu ya kadi yako, kataa, kiwango chake ni cha kukunyonya. Chakula kiwe na kibubu kimoja, kila mtu atie sawa asubuhi, mweka hazina awe mmoja. Mengine kila mtu na lake.

Berlin, tengeni pesa ya makumbusho ya viumbe: mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 imesimamishwa pale, kimo zaidi ya mita 13. Na tiketi ya karatasi ya tramu au treni ya mjini, Berlin na Prague, igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya safari. Isiyogongwa, mkaguzi huihesabu kama hukukata kitu.